Filimbi ya Refa na Hesabu ya Shabiki

Ilipofika saa 7:22 usiku katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Hasheem Thabeet hakuwa uwanjani tena. Kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa amekaa kwenye benchi la Chuo Kikuu cha Connecticut, faulo zake 5 zimejaa, akitazama wenzake wakilazwa na Syracuse 127 kwa 117. Mechi ilikuwa imekwenda nyongeza sita. Malindi na Kilifi ilikuwa Ijumaa asubuhi ya 13 Machi 2009, saa 2:22, watu wameshakunywa chai.

Wachezaji 8 wa pande zote mbili walitolewa usiku huo kwa kujaza faulo. Na nyongeza zenyewe zilikuja kwa uamuzi wa marefa. Dakika 40 za kawaida zikielekea kuisha, matokeo 71 kwa 71, Eric Devendorf wa Syracuse alirusha mpira kutoka mbali na ukaingia. Akapanda juu ya meza ya waandishi wa mechi kushangilia. Marefa wakaenda kwenye skrini, wakarudisha picha polepole, wakaona kwamba saa iliposoma sufuri mpira ulikuwa bado unagusa ncha za vidole vyake. Kikapu kikafutwa. Ilibidi Syracuse wacheze nusu saa nyingine kuupata ushindi waliokuwa wameshausherehekea.

Usiku ule una kila kitu ambacho shabiki wa basketiboli ya vyuo hukilalamikia: kikapu kilichofutwa, nyota aliyetolewa, timu iliyoshindwa kumaliza kazi mapema. Swali ni kipi kati ya hivyo ni kosa la refa, na kipi ni kosa la timu ambalo refa hubebeshwa.

Swali hilo hufika hata pwani ya Kenya. Adu, mojawapo ya wadi sita za eneobunge la Magarini, ni nchi ya soka. Mtoto wa huko huanza na mpira wa miguu, na wengi huishia hapo hapo. Basketiboli humkuta kijana shuleni, kwenye michezo ya sekondari ya muhula wa kwanza, au baadaye akijiunga na chuo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi mjini. Kusini zaidi, shule ya Kaya Tiwi ya Kwale imejijengea jina kwa wasichana wake wa basketiboli, na Mombasa kuna timu za Mamlaka ya Bandari, KPA, ambazo kwenye ligi ya taifa hukutana na vyuo kama Strathmore, USIU na Zetech. Kwa hiyo shabiki wa pwani ana pa kuelekeza moyo wake. Pia ana simu, na kwenye simu kuna mechi za vyuo vya Marekani.

Hapo ndipo vurugu ya kwanza inapoanza, kwa sababu anatazama michezo miwili akidhani ni mmoja.

Kenya hucheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la dunia: robo nne za dakika 10, na sekunde 24 za kushambulia. Wanaume wa vyuo vya Marekani hucheza vipindi viwili vya dakika 20, na timu hupewa sekunde 30. Hata faulo za timu huhesabiwa tofauti. Kwa FIBA hesabu huanza upya kila robo. Timu ikishafanya faulo 4, kuanzia ya 5 mpinzani hupata mitupo huru miwili hata kama hakuwa anarusha. Kwa wanaume wa vyuo vya Marekani hesabu hubebwa kipindi kizima. Faulo ya 7 humpa mpinzani mtupo mmoja, akiufunga ndipo apate wa pili, na kuanzia ya 10 hupata miwili moja kwa moja. Aliyezoea hesabu ya simuni atapiga kelele uwanjani kwamba refa kawadhulumu watu, kumbe refa anafuata kitabu chake.

Kelele ya pili ni ya kutembea na mpira. Kuanzia Oktoba 2017, FIBA inamruhusu mchezaji aliyeushika mpira akiwa mwendoni kupiga hatua mbili baada ya mguu uliokuwa chini wakati anaudaka. Mguu ule wa mwanzo hauhesabiwi. Kwa jicho la mtu aliyefundishwa mchezo huu zamani, hizo ni hatua tatu, na kila anayekimbilia kikapu ni mwizi. Kelele nyingi za kutembea zinazosikika viwanjani leo zinadai sheria ambayo haipo tena.

Mgogoro mkubwa kuliko yote ni ule wa mshambuliaji na mlinzi kugongana chini ya kikapu. Nani kamgonga mwenzake? Shabiki ana kipimo kimoja tu: mlinzi alikuwa amesimama au hakusimama. Sheria haisemi hivyo. Mlinzi hupata nafasi halali akimkabili mpinzani, miguu yote miwili ikiwa chini. Akishaipata anaweza kusogea kando, kurudi nyuma, au kuruka wima mikono juu, na bado yuko ndani ya haki yake. Anachozuiwa ni kumsogelea mpinzani na kumwegemea. Tena, kama mshambuliaji ameruka, mlinzi lazima awe ameshafika mahali pake kabla miguu ya mwenzake haijaondoka chini. Halafu kuna nusu duara iliyochorwa chini ya kikapu, yenye kipenyo cha mita 2.5, na mlinzi aliyesimama humo hawezi kumtegeshea mshambuliaji aliye hewani ili apewe faulo.

Refa ana chini ya sekunde moja ya kutazama vitu vitatu: miguu ya mlinzi, wakati wa kuruka, na mstari ule. Anavitazama akikimbia, kwenye uwanja wa mita 28 kwa 15 wenye watu 10. FIBA inaruhusu marefa wawili au watatu, na mechi nyingi za ngazi ya chini huchezeshwa na wawili. Wamarekani, wenye watatu na skrini pembeni, waliona uamuzi huu unawashinda. Msimu wa 2023 kwenda 2024 waliibadili sheria kwa wanaume wa vyuo: mlinzi sasa lazima awe mahali pake kabla mshambuliaji hajakita mguu wa kurukia. Wamemwongezea mshambuliaji nafuu, na wamempa refa kitu kinachoonekana kwa urahisi kidogo.

Kuhusu skrini, kuna jambo la kusema waziwazi. FIBA inamruhusu kocha kudai picha zirudishwe, lakini tu pale ambapo mtambo wa kurudisha picha upo. Uwanja wa lami ulio wazi, jua la Kilifi likiwaka na mbao zikitikiswa na upepo wa bahari, hauna mtambo huo. Kinachobaki ni jicho la refa.

Je, jicho hilo ni safi? Jibu la kweli ni hapana, ila uchafu wake si ule unaodhaniwa.

Kwanza lipimwe jicho la shabiki. Mwaka 1951 vyuo vya Princeton na Dartmouth vilicheza mechi ya mpira wa Kimarekani iliyojaa rafu. Nyota wa Princeton alivunjwa pua. Watafiti Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ile ile na kuwaomba wahesabu makosa. Wa Princeton waliona Dartmouth imefanya makosa zaidi ya maradufu ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Matokeo yalichapishwa 1954. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja aliandika alichokiona.

Sasa refa. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na watafiti wa Uingereza walilijaribu jambo hilo kwa soka. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake waliwaonyesha marefa 40 picha za makabiliano 47 kutoka mechi moja ya Liverpool nyumbani. Baadhi walitazama wakisikia kelele za uwanja, wengine kimya. Waliosikia kelele waliipa timu ya nyumbani faulo pungufu kwa asilimia 15.5. Kelele hazikuwafanya waipe Liverpool zawadi yoyote. Ziliwatia shaka tu, na penye shaka filimbi ikabaki kimya.

Kwa basketiboli ya vyuo, utafiti unaofaa kila shabiki aujue ni wa Kyle Anderson na David Pierce, uliochapishwa 2009. Walichambua mechi 365 za vyuo vya Marekani za msimu wa 2004 kwenda 2005. Wageni walipewa faulo nyingi kuliko wenyeji, jambo ambalo halimshangazi mtu. La ajabu ni hili: kadiri pengo la faulo kati ya timu mbili lilivyokua, ndivyo faulo iliyofuata ilivyoelekea kupewa timu yenye chache. Filimbi ilikuwa ikisawazisha.

Mtu anaweza kulitetea hilo. Timu yenye faulo nyingi huonywa na kocha wake ipunguze mikono, na yenye chache hujiona ina nafasi ya kubana zaidi, kwa hiyo mizani ingejirudi yenyewe hata bila refa. Sehemu ya kweli imo humo. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kushika filimbi anajua ubao unaosoma faulo 6 kwa 1 unavyomwelemea, benchi la wenye 6 likipiga kelele kila mara. Kazi ya refa ni kuhukumu kila mgongano peke yake. Lakini yeye ni binadamu, anataka mechi ionekane ya haki.

Anayefaidika na usawazishaji huu ni timu ya rafu. Kocha mjanja huwaambia vijana wake wabane, wasukume, washike viuno tangu mwanzo, kwa kujua kwamba refa hatapuliza kila mara na kwamba hesabu ya wapinzani itakuja kupandishwa. Timu inayocheza kwa usafi huadhibiwa polepole. Shabiki anayelia kwamba refa kanunuliwa anakosa kuona kitu hiki, ambacho ni kibaya zaidi kwa sababu hakihitaji rushwa wala nia mbaya.

Hata hivyo filimbi ina mipaka yake. Mwaka 2004 Dean Oliver, Mmarekani, mmoja wa walioanza kuuchambua mchezo huu kwa takwimu, aliandika kwamba ushindi huamuliwa na mambo manne, na akayapa uzito wa kukadiria: ubora wa kurusha asilimia 40, kutopoteza mpira 25, ribaundi 20, mitupo huru 15. Refa hugusa zaidi lile la nne. Anaweza kuingia kidogo kwenye mengine, kwa kuita mtu katembea au kwa kumtoa mchezaji mkubwa kama Thabeet. Lakini asilimia 85 iko mikononi mwa wachezaji.

Mfano mzuri, na mchungu, ni wa mtu mwingine wa ukanda huu. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani mwaka 2022. Msimu huo, akiwa Kentucky, alivuna wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi. Tarehe 17 Machi 2022, katika raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa, Kentucky walikutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City ambacho wengi hawakuwahi kukisikia. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuvuna ribaundi 16. Kentucky wakafungwa 85 kwa 79 kwenye nyongeza, wakiwa wamepoteza mitupo huru mingi. Mtupo huru hurushwa bila mlinzi, saa imesimama, refa akiwa amewapa wanachokitaka. Saint Peter's waliendelea hadi nane bora.

Hilo ndilo shabiki wa Kilifi au Mombasa analoweza kulifanyia kazi akiwa kando ya uwanja na karatasi: mitupo huru iliyokosewa, mipira iliyopotezwa bila kusukumwa, na robo ambayo timu yake ilifikisha faulo 4 kabla ya dakika ya tano. Timu za vyuo huumia sana hapo. Wachezaji wake hubadilika kila wanapohitimu, mazoezi hukatwa na mitihani, na mlinzi mchanga akichoka huacha kusogeza miguu akaanza kutumia mikono. Faulo ya mkono wa uchovu ni halali kuitwa hata kama mechi iko nyumbani.

Na ikibidi kulalamika rasmi, njia ipo. Kwa sheria za FIBA, nahodha wa timu hutia sahihi kwenye karatasi ya mechi, mahali palipotengwa, ndani ya dakika 15 baada ya filimbi ya mwisho. Rufaa hiyo hupokewa kwa sababu chache tu: kosa la kuandika pointi au la saa ambalo marefa hawakulisahihisha, uamuzi wa kuifuta, kuiahirisha au kutoiendeleza mechi au kumpa mtu ushindi wa mezani, na mchezaji asiyestahili kucheza. Kama mlinzi alifika kabla mshambuliaji hajaruka au baada, hilo halimo kwenye orodha.