Ukuta wa Kinga Hujuaje Aliyeingia na Aliyekataliwa?

Mfanyabiashara anayetaka kuhuisha leseni yake hufika asubuhi kwenye duka la steshenari, akajaza jina la mtumiaji na nywila, kisha akakataliwa. Hujaribu tena, na tena. Safari ya nne ukurasa haufunguki kabisa, na mhudumu humwambia kwamba mtandao unasumbua. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingine mtandao hauna tatizo lolote, na aliyemzuia ni ukuta wa kinga wa mfumo, ambao wataalamu wa TEHAMA huuita fayawoli.

Ukuta huu ni programu inayokaa mbele ya mfumo wa huduma na kukagua kila ombi kabla halijapokewa. Kwa mashambulizi mengi ukaguzi huo unatosha. Kwenye mlango wa kuingilia hautoshi, kwa kuwa ombi la mwizi na ombi la mwenye akaunti hufanana: yote mawili yana jina na nywila. Tofauti hujitokeza katika jibu la mfumo. Mtu mmoja akikataliwa mara mbili na kukubaliwa mara ya tatu, huyo amesahau nywila yake. Anwani moja ikikataliwa mara mia tatu kwa majina mia tatu tofauti, hiyo ni mashine inayojaribu funguo za wizi.

Funguo hizo zipo kwa wingi. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa nywila zaidi ya milioni 32 zilizohifadhiwa bila kufichwa, na wizi uliofanyika LinkedIn mwaka 2012 ulihusu akaunti zaidi ya milioni 100. Wezi huchukua orodha za namna hiyo na kuzijaribu kwenye mifumo mingine, wakijua kwamba watu wengi hutumia nywila moja kila mahali. Mwananchi ambaye nywila ya barua pepe yake ndiyo hiyohiyo ya akaunti ya leseni ameacha wazi namba yake ya NIDA, namba ya mlipakodi na taarifa za biashara yake. Ufunguaji wa akaunti za uongo nao una gharama, kwani mara nyingi kila usajili hutuma ujumbe mfupi wenye namba ya uthibitisho, na anayelipia ujumbe huo ni taasisi inayotoa huduma.

Ili ukuta uweze kusoma majibu, mtaalamu huuelekeza mambo matatu: anwani ambako maombi ya kuingia au kujisajili hutumwa, sehemu za fomu zinazobeba jina na nywila, na alama itakayoonesha kuwa jibu ni la kukubaliwa au la kukataliwa. Katika huduma ya AWS WAF ya Amazon, kwa mfano, alama hiyo huchaguliwa katika aina nne: namba ya hali ya jibu, kichwa cha jibu, maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, au thamani fulani katika data ya mfumo wa JSON. Kwa aina mbili za mwisho, ukuta husoma baiti 65,536 za mwanzo tu; alama ikiwa mbali zaidi ya hapo, haionekani.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kwa utaratibu wa wavuti, namba 200 maana yake ni kwamba ombi limejibiwa vizuri, na 401 ni kwamba mhusika hakutambuliwa. Mtu angedhani kazi imekwisha: 200 ni mafanikio, 401 ni kushindwa. Lakini mifumo mingi, anayeingia akikosea nywila, humrudishia ukurasa uleule wenye maandishi mekundu, na ukurasa huo husafiri na namba 200. Ukuta uliopangwa kwa namba pekee utamhesabu mwizi aliyekataliwa mara mia tatu kuwa mgeni aliyekaribishwa mara mia tatu.

Dawa ni kutafuta alama iliyo kweli tofauti, kwa mfano maneno “Nywila si sahihi”. Nayo ina mtego wake. Mfumo wenye Kiswahili na Kiingereza una sentensi mbili za kukataa, na zote mbili lazima ziandikwe. Msanifu akibadili “nywila” kuwa “nenosiri” bila kumjulisha anayesimamia ukuta, ukuta unakuwa kipofu siku hiyohiyo, na hakuna kengele itakayolia. Kwa hiyo, baada ya kila badiliko, ni busara mtaalamu aingie kwa makusudi kwa nywila mbovu mara kadhaa na kwa nywila sahihi mara moja, kisha aangalie kumbukumbu za ukuta kama hesabu zinalingana.

Kwa usajili, jambo la kuamua ni lini akaunti ihesabiwe kuwa imefunguliwa: fomu inapopokelewa, au namba ya uthibitisho inaporejeshwa. Jibu la “namba hii imeshasajiliwa” nalo ni kushindwa, ingawa mara nyingi anayelipata ni mtu mwema aliyesahau kuwa alijisajili mwaka jana.

Kinachowagusa wakazi wa kata zaidi ni suala la anwani. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti, na kompyuta za steshenari hutoka nje kwa anwani moja. Siku ya usajili kwenye ofisi ya kata, watu ishirini waliofungua akaunti kwa halali wanaweza kuonekana kama mtu mmoja anayefungua akaunti ishirini. Ukuta uliowekwa kuzuia tangu siku ya kwanza huwaumiza watu hao. Ni haki zaidi uanze kwa kuhesabu tu bila kuzuia, viwango vipangwe kwa kilichoonekana, na anayetiliwa shaka apewe kwanza fumbo la picha la kuthibitisha kuwa ni binadamu.

Mkazi aliyezuiwa asiendelee kubahatisha, kwa sababu kila jaribio linaweza kuhesabiwa. Atumie kiungo cha “umesahau nywila”, au ajaribu baadaye kwa simu yake mwenyewe. Ikishindikana, akipeleke Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri saa alipozuiwa na maneno aliyoyaona kwenye kioo. Nywila yake haihitajiki. Nywila isiachwe kwenye daftari la steshenari, na namba ya uthibitisho asipewe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni ofisa. Namba ya simu iliyotuma ujumbe wa utapeli hutumwa kwenda 15040.