Mashini ya biro imefungwa, kontabli yuko mbali: tufanye nini?



Tangu Januari 2025, vita vilipofika Masisi-centre na kisha Goma, makomite ya huku yanatuuliza swali moja. Hesabu za koperative ziko ndani ya kompyuta ya biro (mashini, kama wengi tunavyosema). Kontabli amekimbilia sehemu ingine. Kioo kinaomba neno la siri. Je, anaweza kuingia ndani yake akiwa mbali? Mwezi wa Machi vita vikafika Walikale-centre, na swali likatoka upande ule pia.

Si swali la mafundi peke yao. Ndani ya mashini ile kuna kilo za maharagi na viazi ulizoleta depo, mafuta ya mawese ambayo hujalipwa bado, na deni la mbegu la jirani yako. Isipofunguka, malipo yanasimama.

Jibu ni ndiyo, inawezekana, lakini mashini yenyewe iwe iko macho. Watu wanaita "imefungwa" vitu vitatu ambavyo havifanani. Kuna mashini iliyofunga kioo tu: inaomba neno la siri, lakini ndani inaendelea kufanya kazi. Kuna iliyolala, kama laptop iliyokunjwa. Na kuna iliyozimwa. Kwa biro kama zetu, mtu wa mbali ataifikia ile ya kwanza peke yake, tena kama iko na umeme na koneksio. Na programu ya kuingilia lazima iwe iliwekwa mbele, siku mashini ilikuwa bado mikononi mwenu. Kontabli aliye Kisangani hawezi kuiweka leo kama hakuna mtu pale biro wa kumfungulia.

Njia zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni programu kama AnyDesk au TeamViewer. Inawekwa kwenye mashini ya biro, inapewa neno la siri lake yenyewe, na kontabli anaingia hata kama hakuna mtu mbele ya kioo. Akikuta kioo kimefungwa, anaandika neno la siri la Windows kama vile angekuwa amekaa pale. Mjue tu kwamba zile za bure zinatolewa kwa matumizi ya mtu binafsi. Koperative inahesabiwa kama biashara, na programu inaweza kuwakatia katikati ya kazi.

Njia ya pili iko ndani ya Windows yenyewe, inaitwa Bureau à distance. Mashini yenye Windows Home haiwezi kupokea mtu kwa njia hii. Inahitaji ile ya Pro. Inafaa sana mkiwa nyumba moja, biro na depo. Kutoka mbali inahitaji fundi awatengenezee njia iliyolindwa. Fundi akisema "tufungue tu mlango wa intaneti moja kwa moja", mkatae. Wezi wanazunguka dunia nzima wakijaribu milango ya namna ile, mchana na usiku.

Na kama mtu mwingine yuko anatumia mashini saa ile? Hapa njia hizi mbili zinaachana. Kwa AnyDesk au TeamViewer wote wawili wanaona kioo kimoja, na wanashindania kipanya kimoja. Sekretari anaandika barua, mara anaona mshale unatembea wenyewe. Kwa Bureau à distance ni mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kontabli akiingia kwa jina lile lile, kioo cha biro kinajifunga, na yeye anakuta faili zote wazi vile zilivyoachwa. Akiingia kwa jina lake mwenyewe wakati sekretari yuko kazini, sekretari anaulizwa kama anakubali. Asipojibu ndani ya sekunde 30, anatolewa. Kazi yake haipotei, inamngojea. Lakini kama aliacha faili ya Excel wazi, kontabli ataweza kuisoma tu bila kuiandika. Wapigiane simu kwanza. Unite chache zinazuia ugomvi mkubwa.

Sasa umeme, maana hapa ndipo mipango mingi inakufia. Batri ya sola ya volti 12 na ampere 100 inabeba wati-saa 1.200, na kama ni batri ya kawaida ya risasi hamfai kutumia zaidi ya nusu yake, yaani 600. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60, ikiachwa masaa 10 ya usiku, imemaliza zote 600. Laptop inakula kidogo, lakini modemu nayo iko na mdomo. Kwa hiyo hakuna haja ya kuiacha macho siku nzima. Patana na kontabli: kwa mfano Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa nane mpaka saa kumi, jua likiwa bado. Saa zile mtu awe biro.

Mtu akiwa biro, mara nyingi hata hamhitaji haya yote. Kutuma faili moja ya hesabu kwa WhatsApp kunakula mega kidogo kuliko kubeba picha ya kioo kizima kwa saa nzima. Sisi tungeanza na hiyo.

Kuhusu ufunguo tuseme wazi. Mwenye namba ya AnyDesk na neno lake la siri anaweza kusoma yote, kubadilisha kilo, kufuta deni. Asiwe mtu mmoja anayejipangia. Komite ya usimamizi na ile ya uangalizi zikae, ziandike katika kitabu cha mikutano nani anaingia, siku gani, na nani anashika bahasha yenye maneno ya siri. Kontabli akiacha kazi, maneno yabadilishwe siku ile ile. Yabadilishwe hata akiwa mtu mwema: Februari 2024 kampuni ya AnyDesk yenyewe ilitangaza kwamba wezi waliingia katika mashini zake, ikawaomba wateja kubadilisha maneno yao ya siri. Na mtu asiyejulikana akipiga simu kusema ni wa benki, wa M-Pesa au wa shirika, akaomba namba ile "ili awasaidie", mkate simu. Hata akitaja jina letu.

Jambo la mwisho ni zito zaidi kwa Masisi na Walikale. Neno la siri la kioo halilindi diski. Anayebeba mashini anaweza kutoa diski na kuisoma kwa mashini ingine: majina ya wanachama, vijiji, simu, nani alipokea pesa. Windows Pro iko na BitLocker ya kufunga diski yenyewe. Ombeni fundi aiwashe, na ufunguo wake wa akiba uandikwe kwa karatasi inayokaa mbali na biro. Pia Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025, basi mashini ya namna hiyo msiifungulie njia ya mbali.

Sheria ya OHADA juu ya koperative inataka registri ya wanachama ikae kwenye makao ya koperative. Ile ya karatasi msiiache kwa sababu mmepata mashini. Kila Ijumaa, baada ya kupima mzigo wa mwisho, mtunza depo anakili kilo za juma katika kitabu, na flashi moja yenye faili iliyofungwa kwa neno la siri inaenda nyumbani kwa mtu ambaye komite imemchagua.