Sumu Iliyolala Chini ya Kitanda

Mwaka 2004 madaktari wa Makueni, Kenya, walianza kupokea wagonjwa waliofanana mno: macho ya manjano, tumbo lililojaa maji, miguu iliyovimba, kutapika kusikokoma. Vipimo havikuonyesha homa ya ini inayoletwa na virusi. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, wagonjwa 317 waliripotiwa, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, na wengine Machakos na Thika. Watu 125 walikufa. Takriban nusu ya wagonjwa walikuwa watoto wa chini ya miaka 15.

Kilichowaua ni mahindi ya shambani mwao wenyewe.

Ukame ulikuwa umeidhoofisha mimea, kisha mvua isiyo ya msimu ikanyesha wakati wa kuvuna. Chakula kilikuwa haba na wezi wakaogopwa, kwa hiyo familia nyingi hazikuyaacha mahindi kwenye ghala la nje. Ziliyaingiza nyumbani yakiwa bado na unyevu, yakarundikwa kwenye sakafu ya udongo, mengine chini ya vitanda. Humo, katika joto na giza, kuvu aitwaye Aspergillus flavus alistawi na kutoa sumukuvu ya aflatoksini. Watafiti walipolinganisha familia zilizougua na jirani zao wazima, kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba kulijitokeza wazi kuwa chanzo cha hatari.

Ini ndilo linaloumia kwanza kwa sababu damu yote inayobeba chakula kutoka utumbo hupitia humo. Linajaribu kuivunja sumu hiyo, na katika kuivunja linazaa kemikali kali zaidi inayonasa kwenye vinasaba na protini za seli zake. Dozi kubwa huua seli hizo kwa siku au wiki chache. Dozi ndogo za kila siku haziumi wala hazionekani, ila baada ya miaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya hepatitisi B. Mama anayenyonyesha naye humpitishia mtoto sehemu ya sumu kwenye maziwa.

Wanunuzi wa sokoni hawakuwa salama pia. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizochukuliwa kwenye masoko ya eneo hilo zilizidi kiwango cha sehemu 20 kwa bilioni kilichoruhusiwa wakati huo. Nyingine zilipita 1,000. Serikali ilisambaza chakula mbadala Makueni na Kitui, lakini ugonjwa ulirudi 2005 na 2006. Wala haukuwa mgeni: mwaka 1981, katika Machakos ya zamani iliyojumuisha Makueni, wagonjwa 12 kati ya 20 waliolazwa walifariki. Inauma kwamba onyo la namna hiyo lilikuwa limeshatolewa miaka 23 kabla.

Kupika ugali hakuiondoi sumu hii. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, una nafuu, kwani kukoboa hutoa ganda na kiini ambamo sumu nyingi hukaa, na uchunguzi uliofanywa Kenya ulionyesha kupungua kwa karibu nusu kwa wastani. Nusu inayobaki bado ni sumu.

Kinga halisi ni kukausha. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, kamwe si udongoni, kisha yapimwe kwa chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza chumvi kavu, funga, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Yakikauka, yatiwe kwenye magunia yasiyopitisha hewa. Shambani kuna Aflasafe KE01, punje za mtama zilizopakwa kuvu wasio na sumu, zinazomwagwa wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua ili kuvu hao wawazidi wenye sumu. Ilisajiliwa Kenya mwaka 2015 na hutengenezwa katika kituo cha KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, huko Katumani.

Ndugu walio ughaibuni hutuma pesa za chakula njaa inapobisha katika miji ya Mwingi au Wote. Waongeze za turubai na magunia, na wamwulize mama kama mahindi yamepimwa kwa chumvi. Mavuno ya mvua za vuli huanza Februari; simu hiyo ipigwe Januari.