Ugonjwa Ukija, Nani Abebe Mzigo wa Ushuru?



Bila shaka unaukumbuka mwezi wa Machi, 2020. Tarehe 13 ya mwezi huo Serikali ilitangaza ya kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona ameonekana katika Kenya. Kabla mwezi haujaisha, watu walikatazwa kutoka nje usiku, na baadaye masoko mengi ya wazi yakafungwa. Ng'ombe waliendelea kutoa maziwa, kwa maana ng'ombe hajui habari ya karantini. Lakini shule zilifungwa, hoteli zilifungwa, na wanunuzi wakapungua. Huenda wewe mwenyewe uliona kabichi zikioza shambani huku mjini watu wakizitafuta.

Tarehe 5 Mei, 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kwamba hali ya dharura ya ugonjwa huo imekwisha. Lakini hofu haikuisha. Katika mabaraza watu bado huuliza: ugonjwa mwingine ukija, tutaishi namna gani? Swali hilo ni jema. Ndani yake kuna swali la pili ambalo si wengi wanaolifikiria: fedha za dawa, za wauguzi na za msaada zitatoka katika mfuko wa nani?

SERIKALI ILIFANYA NINI

Tarehe 25 Machi, 2020, Rais alitangaza kupunguzwa kwa ushuru. Kwanza, ushuru wa nyongeza ya thamani, ambao wengi wetu huuita VAT, ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kuanzia tarehe 1 Aprili. Pili, mfanyakazi ambaye mshahara wake haukuzidi shilingi 24,000 kwa mwezi aliondolewa kodi ya mshahara kabisa. Tatu, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Tarehe 1 Januari, 2021, VAT ilirudi asilimia 16, na kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikarudi asilimia 30.

Sasa tazama jambo hili kwa makini. Nafuu ya mshahara ilimfikia mwenye mshahara. Mwalimu au karani aliiona katika karatasi yake mwisho wa mwezi. Lakini yule aliyepoteza kazi hakupata kitu, kwa sababu asiye na mshahara hana kodi ya kupunguziwa. Wewe mkulima nawe huna karatasi ya mshahara. Nafuu yako ilikuwa dukani. Kitu cha shilingi 100 pamoja na ushuru kilikuwa shilingi 116. Sasa kingekuwa shilingi 114. Nafuu ni shilingi mbili, tena ikiwa tu mwenye duka amekubali kushusha bei. Sheria ilipunguza ushuru, lakini haikupanga bei ya kila sabuni katika kila duka.

USHURU WA AINA MBILI

Kodi ya mapato hukuuliza: umepata kiasi gani? Ukipata kidogo unalipa kidogo, au hulipi kabisa. Ukipata nyingi unalipa zaidi. Ushuru wa dukani haukuulizi neno. Tajiri na maskini wakinunua bati moja, wanalipa ushuru ule ule.

Watu wengi husema hiyo ndiyo haki, kwa kuwa wote wanalipa sawa. Basi tupige hesabu. Tuseme wako majirani wawili. Wa kwanza anapata shilingi 10,000 kwa mwezi. Kila mwezi hununua vitu vyenye VAT, kama sabuni, waya na misumari, kwa shilingi 5,800. Ndani ya fedha hizo, shilingi 800 ni ushuru. Wa pili anapata shilingi 100,000. Yeye hununua vitu kama hivyo kwa shilingi 29,000, na ndani yake shilingi 4,000 ni ushuru. Fedha nyingine anaweka benki, au ananunua shamba lingine. Wa pili amelipa fedha nyingi zaidi, ni kweli. Lakini wa kwanza ametoa shilingi 8 katika kila 100 alizopata, na wa pili ametoa shilingi 4 tu. Mzigo ulio mzito zaidi, kwa kadiri ya nguvu, umekaa begani kwa mnyonge.

Wazee wetu waliyajua mambo haya zamani. Kodi ya kibanda ya wakati wa ukoloni ilihesabu nyumba; haikuuliza kama ndani mna chakula.

LAKINI USIKATE SHAURI UPESI

Ushuru wa dukani una sifa zake. Ni rahisi kuukusanya. Mtu anayeficha mapato yake hawezi kuficha kila kitu anachonunua. Akinunua gari atalipa. Kodi ya mapato humkamata upesi mwenye mshahara, kwa sababu hukatwa kabla hajauona, na wengine wenye fedha nyingi hupita pembeni. Mwalimu anayenung'unika juu ya jambo hili ana haki.

Tena, sheria yetu imejaribu kumhurumia mnyonge. Mazao ambayo hayajatengenezwa kiwandani, kama mahindi ya gunia na maziwa mabichi, hayatozwi VAT. Hilo ni jema kwa mlaji. Lakini kwako wewe muuzaji kuna jambo limejificha. Kwa kuwa mazao yako hayatozwi, huwezi kudai urudishiwe ushuru uliolipa uliponunua waya, mabati au vyuma vya mashine. Mwenye kiwanda aliyeandikishwa kwa VAT huweza kuutoa katika hesabu yake. Wewe unaumeza.

Wakati wa maradhi tofauti huonekana wazi zaidi. Soko likifungwa, mapato hushuka, na kodi ya mapato hushuka pamoja nayo. VAT haishuki hivyo. Mtu aliyeuza ndama wake ili aweze kuishi hulipa ushuru kwa sabuni sawa na zamani, ingawa mwezi huo hakupata faida yoyote.

Serikali nayo hupata shida. Mapato yakishuka na watu wakiacha kununua, aina zote mbili za ushuru huleta fedha chache, na wakati huo huo hospitali zinahitaji zaidi. Basi hukopa. Mkopo hulipwa miaka ya mbele, kwa ushuru. Kwa hiyo haki haitafutwi siku ya ugonjwa tu. Hutafutwa pia siku ya kulipa.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, ukinunua kitu omba risiti na uisome. Utajua kitu gani kina VAT na ni kiasi gani. Ushuru ukipunguzwa na bei isishuke, muulize mwenye duka kwa nini.

Pili, weka daftari la shamba. Andika ulichouza, ulichonunua na tarehe. Mapato ya shamba nayo ni mapato mbele ya sheria, na asiye na daftari hawezi kuonyesha ya kuwa mwaka huu alipata hasara.

Tatu, toa maoni yako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kila mwaka Mswada wa Fedha huletwa Bungeni, na wananchi huitwa kutoa maoni. Mwaka 2024 kulikuwa na pendekezo la kutoza mkate VAT ya asilimia 16. Wananchi walilipinga, nalo likaondolewa. Mkutane katika chama chenu cha ushirika kabla ya wakati huo kufika, mpige hesabu kama tulivyopiga hapa, kisha mwandike barua moja yenye sahihi nyingi.

Ugonjwa hauleti habari kabla ya kuja. Lakini hesabu ya ushuru yaweza kufanywa mapema, wakati soko liko wazi na watu wana afya. Ifanyeni sasa.