Goti halijui siku ya fainali

Jioni moja kijana wa chuo kikuu aliingia katika kliniki yangu hapa Loresho akiwa na barua mkononi. Barua hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilibaki sahihi yangu tu. Kijana huyo ni mchezaji wa raga. Miezi mitano kabla ya siku hiyo alikuwa amepasuliwa goti la kulia kwa sababu ya kano iliyokatika. Sasa mashindano ya wachezaji saba kila upande yalikuwa yamebaki wiki mbili, na timu yake ilikuwa imepangwa pamoja na mahasimu waliowatoa msimu uliopita.

"Daktari, sisikii uchungu hata kidogo," aliniambia. Akachuchumaa, akainuka, akaruka juu kwa miguu yote miwili. "Unaona mwenyewe?"

Mpenzi msomaji, huenda nawe una mwana, ndugu au rafiki wa aina hii. Huenda wewe ndiwe mchezaji mwenyewe. Wikendi za mashindano, vijana wengi kutoka vyuo vyetu huelekea viwanja vya raga vya Ngong Road, wengine wakiwa wamefungwa bandeji na kumeza vidonge vya maumivu njiani. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya swali moja: mchezaji aliyeumia atajuaje kwamba amepona?

UCHUNGU SI KIPIMO

Kosa kubwa ni kudhani kwamba uchungu ukiisha, ugonjwa umekwisha. Hebu tulitazame goti. Ndani yake mna kano mbili zinazopishana kama msalaba. Kano ni ukanda mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, na hulishika goti lisiyumbe mtu anapogeuka. Mchezaji akikanyaga na kugeuka ghafla, kano hiyo huweza kukatika hata kama hakuna aliyemgusa. Wengi husema walisikia mlio ndani ya goti, kisha likavimba baada ya saa chache.

Daktari wa upasuaji hutengeneza kano mpya kwa kipande kilichotolewa nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Sasa sikiliza jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Kipande hicho hakiwi kano siku ile ile. Katika miezi ya mwanzo hupoteza nguvu, kwa kuwa kimekatwa kutoka kwa damu yake ya awali. Mishipa midogo ya damu huingia polepole, na chembe mpya hukijenga upya. Kazi hiyo huchukua miezi mingi. Uvimbe na uchungu huisha mapema zaidi. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mchezaji hujisikia mzima kabisa, na kumbe kano yake bado ni changa. Kijana wangu alikuwa katika kipindi hicho hasa.

TAKWIMU ZINASEMA NINI?

Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili watu 106 waliopasuliwa kano hiyo. Waligundua kwamba kila mwezi mmoja ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kwa asilimia 51 uwezekano wa kuumia goti tena. Aidha, miongoni mwa waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu, asilimia 38 waliumia upya. Kwa wale waliofaulu, ni asilimia 6 hivi tu.

Vipimo vyenyewe si vya ajabu. Msuli wa mbele wa paja la mguu uliopasuliwa uwe na angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu mzima. Vivyo hivyo katika kuruka kwa mguu mmoja. Nilimpeleka kijana kwenye ujia nje ya chumba changu, nikamwambia aruke mbele kwa mguu mzima, halafu kwa ule mwingine. Mguu uliopasuliwa haukufika hata robo tatu ya umbali wa mwenzake. Alitazama sakafu kwa muda bila kusema neno. Akiruka kwa miguu yote miwili, mguu mzima ulikuwa umembeba mgonjwa.

KOSA LANGU MWENYEWE

Siandiki haya kama mtu asiyekosea. Miaka kadhaa iliyopita mchezaji mwingine aliniomba vivyo hivyo. Nilimkanyagisha, nikalikunja goti, nikaona halimuumi, nikatia sahihi. Sikumpima kuruka wala nguvu. Wiki chache baadaye alirudi kwangu akiwa amebebwa na wenzake. Kano mpya ilikuwa imekatika, na safari hii gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa, ulikuwa umechanika pia. Hakucheza tena. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliogopa kumhuzunisha kwa msimu mmoja, nikashiriki kumnyima misimu yote.

KICHWA NI HATARI ZAIDI

Goti lililoharibika humfanya mtu achechemee. Ubongo ukiharibika, mambo ni mengine. Mchezaji aliyegongwa kichwa akawa na kizunguzungu, kichefuchefu, usahaulifu, au macho yanayoumizwa na mwanga, amepata mtikisiko wa ubongo hata kama hakuzimia. Mwondoe uwanjani papo hapo, wala asirudi siku hiyo. Akitapika mara kwa mara, akipatwa na degedege, akilegea mkono au mguu, au usingizi ukimzidi, mkimbize hospitalini.

Mnamo Januari 2011, mvulana wa miaka 14 huko Ireland Kaskazini aligongwa kichwa zaidi ya mara moja katika mechi ya raga ya shule, akaendelea kucheza, kisha akaanguka na kufariki. Kipigo cha pili juu ya ubongo ambao haujatulia huweza kuufanya uvimbe kwa kasi ya kutisha. Kwa wachezaji wa kawaida, mwongozo wa shirika la raga duniani ni kutocheza mechi kabla ya siku 21 kupita, na hata baada ya hapo ni lazima dalili ziwe zimeisha.

NJIA YA KURUDI

Ratiba ya kurudi ina ngazi, na usiruke hata moja. Kwanza uvimbe uishe na kiungo kinyooke na kukunjika sawasawa. Pili, jenga nguvu za misuli ukisaidiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Tatu, kimbia mbele kwa mstari ulionyooka. Nne, geuka, simama ghafla, ruka. Tano, fanya mazoezi na wenzako bila kukabana. Sita, mazoezi kamili ya kukabana. Mechi huja mwisho, nayo uianze kwa dakika chache. Kiungo kikivimba baada ya ngazi fulani, shuka ngazi moja.

Usikubali kuchomwa sindano ya maumivu ili ucheze. Uchungu ni mlinzi wa mwili. Usikubali pia kukandwa goti lililovimba kabla halijachunguzwa. Haya hayamhusu mwanaraga peke yake. Mcheza mieleka, soka au mpira wa vikapu, magoti yenu ni yale yale.

Wanaodhani kusubiri ni kupoteza nafasi wamkumbuke David Rudisha. Goti lilimzuia asishiriki mashindano ya dunia ya mwaka 2013 kule Moscow. Aliporudi mwaka 2014, katika mbio zake za kwanza Marekani alimaliza wa saba. Mwaka huo huo, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, hasimu wake Nijel Amos wa Botswana alimshinda, naye akatwaa fedha. Hakukata tamaa. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia jijini Beijing, na mwaka 2016 akatwaa tena dhahabu ya Olimpiki, mjini Rio.

Barua ya kijana wangu sikuitia sahihi. Aliondoka amenuna. Mamaye alinipigia simu kesho yake, naye kocha akapiga baadaye, wote wawili nikawaeleza nilivyokueleza wewe. Mashindano yalipita. Kijana alikaa kando ya uwanja akiwabebea wenzake maji, na timu ikafungwa na mahasimu wale wale.

Bado huja kliniki. Juzi tulipima tena kwenye ule ujia, na mguu wa kulia ulifika asilimia 85. Aliniuliza zimebaki ngapi. Nikamwambia tano, na miezi miwili.