Ondoa Nembo, Usiondoe Rangi

Mfanyakazi wa mjini anapojaliwa kununua gari lililokwisha kutumika, mara nyingi hulipokea pamoja na alama za waliolimiliki kabla yake. Kwenye buti pana nembo ya duka lililoliuza huko Japani, milangoni pana maandishi ya kampuni asiyoijua, na ubavuni pana milia iliyopasuka kwa jua. Tangu masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalipoanza kulegezwa hapa Tanzania mwaka 1984, magari ya namna hii yameongezeka sana katika miji yetu, na hamu ya kuzifuta alama hizo imeongezeka pamoja nayo.

Hamu hiyo haina ubaya. Ubaya umo katika njia zinazotumika. Wako wanaoing'oa nembo kwa bisibisi, wako wanaokwangua gundi kwa wembe, na wako wanaomwaga thina juu ya bodi wakidhani kuwa kinachosafisha brashi ya fundi kitasafisha gari pia. Kazi hiyo huisha kwa dakika tano, lakini kovu lake hudumu kwa miaka.

Ndugu msomaji, hapana budi kwanza tuelewe jinsi rangi ya gari ilivyo. Rangi ya kiwandani huwa na tabaka kadhaa: ya chini inayozuia kutu, ya kati yenye rangi yenyewe, na katika magari mengi ya siku hizi, ya juu isiyo na rangi, ambayo kazi yake ni kung'aa na kukinga jua. Tabaka zote kwa pamoja hukaribia unene wa karatasi moja ya kuandikia, yaani kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita. Ncha ya bisibisi huipenya karatasi hiyo bila taabu. Bati likishabaki wazi, unyevu hulifikia, na katika miji ya pwani, ambako upepo huja na chumvi, kutu haikawii kuanza.

Ugomvi baina ya gundi na rangi ya gari si wa leo. Katika miaka ya 1920 mafundi wa Marekani waliokuwa wakipaka magari rangi mbili walibandika karatasi ili kuikinga rangi ya kwanza. Walipoibandua, gundi kali iliondoka na rangi. Mwaka 1925 Richard Drew wa kampuni ya 3M alitengeneza utepe wa karatasi wenye gundi hafifu, ambao mafundi wetu wa rangi wanautumia hadi leo. Funzo lake ni dhahiri: gundi inayobanduliwa kwa nguvu hubandua na kilicho chini yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nembo nyingi za siku hizi hushikwa na utepe wa sponji wenye gundi pande zote mbili. Nyingine, hasa za magari ya zamani, zina vijipini vinavyopita kwenye matundu ya bodi. Kabla ya kuanza, fungua buti utazame kwa ndani. Ukiona vijipini, ujue kwamba nyuma ya nembo pana matundu, na ukiiondoa utahitaji fundi wa kuyaziba na kupaka rangi. Huenda ikawa busara kuiacha mahali pake.

Ikiwa hapana vijipini, lioshe gari vizuri na uliweke kivulini. Mchanga mmoja ukibaki chini ya kitambaa hukwaruza sawasawa na msasa. Kisha ipashe nembo moto, kwa kuwa gundi hii hulainika kwa joto. Kikausha nywele hufaa sana: kishike umbali wa shubiri moja na ukizungushe bila kukituliza mahali pamoja, kwa dakika moja au mbili. Asiye nacho achovye kitambaa katika maji ya moto, akikamue, akiweke juu ya nembo, na arudie mara kadhaa. Joto liwe la kiasi ambacho mkono waweza kustahimili.

Chukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, uzungushie ncha zake kwenye vitambaa ili usikukate vidole, kisha uupitishe nyuma ya nembo na kuuvuta huku na huku kama msumeno. Uzi ukate sponji, usisuguane na rangi. Ukigoma, usitumie nguvu, rudisha joto.

Nembo ikishatoka, gundi itabaki. Ipashe moto tena na uivingirishe kwa kidole gumba. Nyingi itatoka kama makombo ya mpira. Iliyobaki ipakwe mafuta kidogo ya kupikia au mafuta ya taa kwa kitambaa laini cha pamba, iachwe dakika chache, kisha ifutwe. Ijaribu dawa yako kwanza mahali pasipoonekana. Mwishowe osha kwa maji na sabuni hadi utelezi uishe, kausha, na upake nta. Usitumie wembe, msasa, wala unga wa kusugulia sufuria. Thina nayo huweza kuyeyusha rangi iliyopakwa gereji na kuharibu bampa za plastiki.

Gari lililopata kupakwa rangi upya lataka uangalifu zaidi, kwani rangi hiyo huenda haikushika vizuri na ikabanduka pamoja na nembo. Lichunguze: ukiona chembe za rangi kwenye mipira ya milango na madirisha, au mlango mmoja una rangi tofauti kidogo na mwenziwe, muulize fundi kwanza. Aidha, kibao chenye namba ya chasisi si pambo. Kisiguswe kamwe.

Kwa kuwa kazi hii hufanywa nyumbani siku ya mapumziko, watoto wakiwa karibu, usalama wao ni mkubwa kuliko uzuri wa gari. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa yaweza kuingia mapafuni na kumwua. Likitokea hilo, asitapishwe, bali akimbizwe hospitali mara moja. Kikausha nywele kizimwe na kuwekwa mbali kabla mafuta hayajafunguliwa. Petroli isitumike kabisa, kwani mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu. Vitambaa vilivyotumika vianikwe nje, mbali na jiko.

Baada ya yote hayo, usishangae ukiona umbo la nembo bado linasomeka. Hiyo si gundi. Ni rangi ya asili iliyokuwa imefunikwa, ilhali iliyoizunguka imepauka kwa jua la miaka mingi. Polishi laini, ikisuguliwa kwa mkono, yaweza kupunguza tofauti hiyo, lakini kila polishi huondoa sehemu ndogo ya rangi. Ukiona tofauti imepungua, acha. Jua litaendelea na kazi iliyobaki.

Kwa wengi wetu, gari limetokana na akiba ya miaka kadhaa, na huenda likauzwa tena siku watoto watakapohitaji ada. Mnunuzi hulizunguka kwanza kabla ya kuuliza bei, na kovu la bisibisi hulipiwa siku hiyo. Saa moja ya uvumilivu, uzi wa nailoni na kitambaa cha moto ni gharama ndogo kuliko kopo moja la rangi. Mwenda pole hajikwai.