Mpogoleaji Asiyetoka Shambani: VVU, Heroini na Kuzeeka kwa Ubongo

Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022–2023 ulibaini kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na kwa kuwa dawa za kufubaza virusi (ARV) zimekuwa zikitolewa bure nchini tangu mwaka 2004, mtu aliyeanza kuzitumia wakati huo akiwa na miaka 40 sasa amepita 60. Kwa hiyo kliniki za tiba na matunzo za Mkoa wa Songwe, kuanzia Tunduma, ambako malori ya barabara ya TANZAM hupanga foleni mpakani, hadi hospitali ya Wamoraviani ya Mbozi Mission, zinawahudumia watu wanaozeeka pamoja na virusi, na kiungo kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ubongo.

VVU huingia ubongoni katika wiki za mwanzo za maambukizi, vikibebwa ndani ya chembe nyeupe za damu, lakini haviishi katika seli za neva zenyewe. Hujificha katika mikroglia, yaani seli za kinga zinazokaa ndani ya ubongo maisha yote. Kazi ya mikroglia haiishii kwenye ulinzi, na hapa ndipo penye ajabu kubwa, kwa kuwa seli hizi pia hupogolea maungio ambayo neva hupitishia ujumbe, kama mkulima wa Mbozi anavyopogolea mibuni yake. Mkulima hodari huondoa machipukizi yasiyozaa ili nguvu ya mti iende kwenye matawi yenye tunda, akitambua la kukatwa kwa dalili zake. Mikroglia nazo hufuata alama, kwa maana maungio yaliyodhoofu hubandikwa protini za kinga zinazoitwa komplimenti. Sasa, mpogoleaji aliyetiwa hofu kwamba shamba limevamiwa, akakesha humo mwaka baada ya mwaka na mkasi mkononi, hatimaye hukata hata matawi yaliyobeba kahawa mbichi, na mti hubaki umesimama, una majani, ila mavuno yake yanapungua kila msimu. Ubongo wenye uvimbe sugu, yaani kinga iliyowashwa isizimike, hupoteza maungio kwa namna hiyo, hata virusi vinapokuwa vimefubaa katika damu.

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, humkuta mpogoleaji huyo huyo. Ikishafika ubongoni hubadilika kuwa mofini, na mikroglia zina vipokezi vya mofini. Zinapoguswa na dawa hiyo pamoja na protini za VVU, huzidi kumwaga kemikali za uvimbe, na mofini huongeza pia idadi ya milango ambayo virusi huitumia kuingia katika seli. Dalili za madhara haya zimeonekana katika tishu zenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Edinburgh walieleza kwamba ubongo wa vijana waliotumia dawa za kulevya ulikuwa na mrundikano wa protini ya tau, ambayo kwa kawaida huhusishwa na uzee, na mwaka 2015 Steve Horvath na Andrew Levine wa Marekani, wakipima alama za kikemikali zinazobadilika kwenye DNA kadiri umri unavyosogea, walikuta tishu za ubongo za watu wenye VVU zikionekana kuwa na umri mkubwa kwa takriban miaka 7.4. Kiwango hutofautiana baina ya mtu na mtu.

Kwa watumiaji wa heroini, tiba ya methadoni, yaani dawa inayotolewa badala ya heroini, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 na kufika Mbeya mwaka 2017, humtoa mraibu katika mzunguko wa kulewa na kuishiwa dawa na humsaidia kumeza ARV bila kukatiza. Inafaa basi kila kliniki ya Songwe inayopima wingi wa virusi imuulize mgonjwa pia kuhusu kumbukumbu yake na matumizi ya dawa za kulevya, na ndugu wanaoona mzee wao akisahau siku ya kliniki wamweleze mhudumu mapema, wasiseme ni uzee tu.